Kicheko Jukwaani na Hofu ya Usiku

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mchezo wa kuigiza. Najua wako miongoni mwenu watakaosema kwamba mkulima mwenye palizi shambani na karani mwenye mafaili mezani hawana nafasi ya kupoteza kwa mambo ya jukwaani. Nawaomba mnivumilie. Mchezo nitakaoutaja ni wa kuchekesha, lakini ndani yake mna jambo lihusulo uhai wa watu, na hasa watu wa pande zetu hizi za ziwa, ambako usiku una masimulizi mengi kuliko mchana.

Mchezo huo umetokana na kitabu kiitwacho The Hound of the Baskervilles, yaani mbwa mwindaji wa ukoo wa Baskerville. Mtungaji wake ni Sir Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa mji wa Edinburgh, aliyeacha kutibu wagonjwa akashika kalamu. Hadithi ilitolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti la The Strand Magazine, tangu Agosti 1901 hata Aprili 1902. Sisi wa Kisumu tunayo njia rahisi ya kuzikumbuka tarehe hizo. Reli iliyoanzia Mombasa iliufikia ukingo wa ziwa letu, mahali palipoitwa Port Florence, katika Desemba 1901. Basi wakati mataruma ya mwisho yalipokuwa yakilazwa hapa, wasomaji wa London walikuwa wakiingoja kwa hamu sehemu ifuatayo, wapate kujua kama mbwa yule ni mnyama wa kweli au ni pepo.

Kwa wale wasioijua hadithi, nitaieleza kwa ufupi. Katika nyika ya jimbo la Devon, nchi yenye ukungu na matope yanayoweza kummeza farasi, lipo jumba la kale. Husemwa kwamba zamani bwana mmoja wa jumba hilo, jina lake Hugo, mtu dhalimu, aliraruliwa koo na mbwa mkubwa mweusi asiye wa dunia hii, na tangu siku hiyo mbwa huyo huwaandama wajukuu zake. Ikawa mzee wa ukoo, Sir Charles, alikutwa amekufa usiku katika njia ya bustani yake. Mwilini hakuwa na jeraha hata moja, lakini uso wake ulikuwa umepotoka kwa hofu, na hatua chache kutoka hapo zilionekana nyayo za mbwa mkubwa mno. Majirani hawakuwa na shaka: laana ya ukoo imetimia. Ndipo alipoitwa mpelelezi wa London, Sherlock Holmes, pamoja na rafiki yake Daktari Watson, ili wamlinde mrithi, kijana Sir Henry, aliyekuwa amewasili kutoka Kanada.

Hiyo ni hadithi ya kutisha, wala si ya mzaha. Lakini mwaka 2007, katika mji wa Leeds huko Uingereza, kundi la waigizaji liitwalo Peepolykus liliipandisha jukwaani kuwa kichekesho. Waliouandika mchezo ni Steven Canny na John Nicholson. Waigizaji walikuwa watatu tu. Watatu hao walikuwa mpelelezi, daktari, mrithi, mtumishi wa jumba na mkewe, jirani mwenye wavu wa kukamatia vipepeo, na kila mtu mwingine apitaye katika nyika ile. Mtu mmoja hutoka upande huu akiwa mwanamume mwenye ndevu, naye huingia upande wa pili akiwa bibi mwenye gauni, akihema kwa kukimbia nyuma ya pazia. Sehemu ya pili ianzapo, waigizaji hurudia mambo yote ya sehemu ya kwanza kwa mbio ya ajabu, hata watazamaji hushika mbavu.

Mchezo huo haukuwa wa kwanza wa namna yake. Miaka miwili nyuma, katika jumba lilo hilo la michezo la Leeds, Patrick Barlow alikigeuza kitabu cha John Buchan cha mwaka 1915, The Thirty-Nine Steps, kikawa kichekesho cha waigizaji wanne. Mchezo huo ulihamia London mwaka 2006, nao ulikaa jukwaani huko mpaka 2015. Na Sherlock Holmes mwenyewe alifanyiwa mzaha zamani zaidi. Mwigizaji wa Marekani, William Gillette, aliyempandisha jukwaani mwaka 1899 kwa mchezo wa kiungwana, alitunga pia mwaka 1905 kichekesho kifupi juu ya mpelelezi huyo huyo. Katika michezo hiyo ya Gillette huko London, kijana mmoja maskini aliigiza mtoto wa kazi wa Holmes. Kijana huyo alikuwa Charlie Chaplin, ambaye baadaye aliichekesha dunia nzima.

Sasa nakuja kwenye swali ambalo mtu mwenye busara atauliza. Je, si kosa kuifanyia mzaha hadithi ya kifo? Mtu akiogopa, na mwingine akacheka, hakuna dharau hapo? Jibu langu ni kwamba inategemea mwenye kucheka anacheka nini. Ili tuelewe, hatuna budi kuutazama ushahidi wenyewe, kama vile karani afunguavyo faili kabla ya kuandika barua.

Ushahidi wa kwanza ni nyayo za marehemu. Watu waliona kwamba, kuanzia mahali fulani katika njia ile, nyayo zake zilibadilika zikawa za vidole tu. Wakasema, "Mzee alikuwa akinyata." Holmes aliuliza kwa nini mtu anyate katika bustani yake mwenyewe. Mzee hakuwa akinyata. Alikuwa akikimbia kuokoa roho yake, mpaka moyo wake uliokuwa mgonjwa ukasimama. Nyayo ni zile zile, lakini waliozitazama kwanza walitosheka na jibu la upesi.

Ushahidi wa pili ni kiatu. Sir Henry alipokuwa hotelini London, aliibiwa kiatu kimoja kipya, ambacho hajakivaa hata siku moja. Kisha kikaibiwa kimoja cha zamani, na kile kipya kikaonekana tena. Wahudumu wa hoteli waliona ni upuuzi, maana mwizi gani aibaye kiatu kimoja, tena akarudisha kizuri akachukua kibovu? Lakini kwa Holmes kiatu hicho kilikuwa na thamani kuliko maneno yote ya laana. Kiatu kipya hakina harufu ya mwenyewe, bali cha zamani kinayo. Na pepo hahitaji harufu ili amtafute mtu. Mbwa wa nyama na damu ndiye aihitajiye.

Ushahidi wa tatu ni picha. Ukutani mwa jumba ilitundikwa picha ya yule Hugo wa zamani. Holmes alipoufunika kwa mkono wake ule upande wa kofia na nywele, ukabaki uso mtupu, akamwona humo jirani mpole mwenye wavu wa vipepeo, Bwana Stapleton. Kumbe jirani huyo alikuwa wa ukoo ule ule, ameficha jina lake, na mali ingemfikia yeye kama waliomtangulia wangekufa. Mbwa alikuwa wake. Alimficha katikati ya matope, na usiku alimpaka dawa yenye fosforasi mdomoni na usoni ili ang'ae kama moto. Laana ya ukoo ilikuwa ni tamaa ya mtu mmoja aliyeijua hofu ya majirani akaitumia kama jembe.

Natumaini mmeona jambo lenyewe. Wale walioutunga mchezo wa kuchekesha hawakuyaondoa mambo hayo. Waliyacheza kwa mbio na kwa vituko, lakini uti wa mgongo wa hadithi wameuacha mahali pake. Kiatu kimo, na mbwa yumo. Watazamaji hucheka, na huku wakicheka wanahesabu. Hiyo ndiyo tofauti ya kichekesho chema na upuuzi. Upuuzi huvunja kila kitu ili watu wacheke. Kichekesho chema huvunja hofu peke yake, na akili huiacha nzima. Kwa kweli, mtu akiisha kumwona mwigizaji mmoja akihangaika kuvaa ndevu huku sketi ikimponyoka, huwa amefundishwa bila kuhubiriwa kwamba vazi si mtu. Naye akitoka hapo akakutana na jirani aliyejipaka upole usoni, huenda akatazama mara mbili.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. La, hata sisi tunaye mpelelezi wetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mzaliwa wa Makunduchi, aliandika hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Wakulima wafurahi kusikia kwamba bwana huyo alifanya kazi pia katika gazeti la Mkulima huko Tanganyika. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum ndiye aandamanaye naye, kama Watson na Holmes. Na hadithi yenyewe inaanza wapi? Maiti ya mtu imekutwa katika mzimu, mahali pa kutambikia, na watu wako tayari kusema kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa hawatukani wenye imani hiyo, wala haivunji mizimu yao. Yeye huuliza tu nani alikuwa wapi, na nani atafaidika.

Wala michezo ya kuchekesha kwa Kiswahili si jambo jipya katika Kenya. Mwaka 1957 ilipigwa chapa michezo ya Graham Hyslop, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na mwaka huo huo ukatoka mchezo wa Henry Kuria, Nakupenda, Lakini. Baadaye, katika televisheni, watu walicheka miaka mingi na Vioja Mahakamani, ambamo mshtakiwa hujitetea mpaka uongo wake ukajifunga kamba wenyewe. Basi tunao mpelelezi, tunacho kicheko, na lugha tunayo. Kilichobaki ni kuviweka pamoja jukwaani, tena hapa kwetu.

Nasema hapa kwetu kwa sababu maalum. Kando ya ziwa hili, kuanzia Bondo mpaka Homa Bay, hakuna mtoto asiyesikia habari za jajuok, yule akimbiaye usiku. Husimuliwa kwamba huvua nguo zake, hurusha mchanga na mawe juu ya mabati, hukwaruza milango kwa makalio, na wengine ati hufuga chui au kiboko. Wengi husimulia habari hizo kwa kucheka, na kucheka huko hakudhuru mtu. Lakini hadithi hiyo hiyo ina mlango wa pili. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe akianguka, au mtumbwi usiporudi, neno lile lile lililokuwa kichekesho huweza kuwa hukumu. Hapo watu hawaulizi tena. Husema, "Lisemwalo lipo." Nao husahau kwamba lisemwalo mara nyingi lipo midomoni mwa wasemaji tu.

Msifikiri natia chumvi. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Kisii, isiyo mbali na ziwa, watu 11 walioitwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto na makundi ya watu. Wengi wao walikuwa wanawake wazee. Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wazee wanne wa kike waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo. Wala si kwamba serikali haikuliona jambo hili mapema. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925 iliweka kuwa ni kosa kumshutumu mtu uchawi mbele za watu badala ya kupeleka neno kwa wenye mamlaka. Lakini sheria haiwezi kulala katika kila nyumba. Mkono uwashao kiberiti hutangulia kuliko askari.

Tazameni jinsi mambo hayo yafananavyo na hadithi yetu. Katika Devon walikuwapo marehemu asiye na jeraha, majirani wenye hofu, na hadithi ya zamani iliyotosha kuwa jibu. Palikosekana mtu wa kuuliza maswali tu. Kama Holmes asingefika, majirani wale wangeendelea kumlaumu pepo, na Stapleton angekaa katika jumba akinywa chai. Na katika kesi nyingi za kwetu, wenye hekima wa vijijini wanajua kwamba ukichimba chini ya shutuma utakuta mpaka wa shamba, au urithi, au chuki ya wake wenza. Mwenye kupiga kelele za kwanza, atazamwe yeye kwanza.

Wakulima mtanielewa upesi zaidi nikitaja kayongo, lile gugu ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita kiduha. Maua yake ya zambarau ni mazuri kuyatazama. Lakini kabla halijaota juu, huwa limekwisha kuishika mizizi ya mahindi au mtama chini ya udongo, likainyonya. Mkulima huona mmea wake umedumaa na kunyauka, na mvua imenyesha vizuri, na jirani yake amevuna. Si ajabu kwamba Waingereza hulipa gugu hilo jina la gugu la mchawi. Kwa miaka mingi mtu aliweza kumdhania jirani, na mwizi yuko mizizini. Waliomkamata mwizi huyo walikuwa watu wenye subira. Katika kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, kando ya ziwa letu hili, wataalamu waligundua kwamba majani yaitwayo desmodiamu yakipandwa katikati ya mahindi, mizizi yake hutoa dawa inayozifanya mbegu za kayongo zichipue bure na kufa bila kushika mizizi ya mahindi. Huo ndio upelelezi. Holmes alishika kiatu, na wao walishika mzizi.

Kwa hiyo naleta shauri. Walimu wa shule zetu, na vijana wa vikundi vya michezo, watungeni wapelelezi wa kando ya ziwa. Si lazima mpelelezi wenu avae kofia ya Kizungu. Awe karani aliyestaafu, au muuguzi, au mama auzaye omena sokoni, ambaye hupita kila nyumba na kujua nani ana deni la nani. Ili niwaonyeshe kwamba jambo hili si gumu, natoa hapa mfano mdogo nilioutunga mwenyewe. Mpelelezi amefika katika boma ambamo jajuok anasemekana alipita usiku.

MPELELEZI: Mzee, wasema ulimwona?

MZEE: Nilimwona wazi, kwa macho yangu mwenyewe.

MPELELEZI: Ulikuwa umesimama wapi?

MZEE: Sikusimama. Nililala, nimejifunika blanketi gubigubi.

MPELELEZI: Na taa ilikuwa ikiwaka?

MZEE: Niliizima, asije akaniona.

MPELELEZI: Basi, Mzee wangu, ulimwona kwa kitu gani?

MZEE: Kwa masikio.

MPELELEZI: Karani, andika: shahidi aliona kwa masikio. Na uso wake je, Mzee, masikio yako yaliutambua?

MZEE: Uso ulikuwa wa mjane wa ng'ambo ya kijito. Mwaka juzi alikataa kuniuzia shamba.

Hapo watazamaji watacheka, nami nataka wacheke. Lakini angalieni neno la mwisho. Kicheko kimefungua mlango, na ushahidi umeingia nao. Mzee yule hakutukanwa, wala hakuitwa mjinga. Alipewa heshima ya kuulizwa, akajijibu mwenyewe. Na mtazamaji ambaye juma lililopita alimtaja mjane fulani kwa jina kilabuni, atacheka kama wenzake, kisha atanyamaza kidogo.

Naona hiyo ndiyo kanuni ya kichekesho cha namna hii, wala haina budi kushikwa sana. Mchekeni mwenye hofu, kwa upole, maana sote tuna hofu. Mchekeni mwenye hila, kwa ukali, maana yeye ndiye apakaye mbwa fosforasi. Mchekeni hata mpelelezi, akijivuna kupita kiasi, kama walivyofanya watu wa Leeds. Lakini asichekwe kamwe yule anayeshutumiwa. Mchezo ukimtoa bibi kizee aliyepinda mgongo, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ili watu wamcheke kwa sura yake, mchezo huo umekwisha kujiunga na wale wenye viberiti, hata kama watungaji wake walikusudia mema. Macho mekundu si ushahidi. Ni alama ya mwanamke aliyepikia watu kwa kuni miaka sitini.

Sasa machache ya kutendeka. Jambo la kwanza ni gharama. Michezo ya waigizaji watatu au wanne hupendeza kikundi kisicho na fedha. Kofia tatu, miwani, koti kuukuu, shuka na kiti vyatosha kuwa jumba, gari la moshi na nyika yenye ukungu. Upungufu wenyewe ndio unaochekesha. La pili ni haki ya mtungaji. Hadithi ya Conan Doyle, ambaye alifariki mwaka 1930, ni mali ya watu wote, nanyi mwaweza kuitungia mchezo wenu. Lakini mchezo wa Canny na Nicholson una wenyewe, na vile vile vitabu vya Muhammed Said Abdulla, aliyefariki mwaka 1991. Anayetaka kuviigiza na aandike barua ya kuomba ruhusa kabla ya kuuza tikiti, kwani haifai kuhubiri uaminifu kwa mali ya wizi.

La tatu ni mahali. Hapa mjini Kisumu upo ukumbi wenye jina la Mama Grace Onyango, yule aliyekuwa meya wa mji huu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, kisha mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya. Huko mashambani yako madarasa, makanisa na viwanja vya mikutano ya chifu. Tena nashauri mchezo uonyeshwe jioni, giza likianza kuingia na taa moja tu ikiwaka. Watu waogope kidogo kwanza. Hofu isipoingia, kicheko hakina cha kufukuza.

La mwisho ni mazungumzo baada ya mchezo. Mchezo ukiisha, watazamaji wasiruhusiwe kutawanyika upesi. Mwalimu au mzee wa kijiji asimame aulize: ni lini wewe ulijua? Ni kitu gani kilikuonyesha? Ni nani uliyemdhania bure? Swali hili la tatu ndilo kubwa. Karibu kila mtazamaji atakuwa amemdhania mtu asiye na hatia, maana hadithi za upelelezi hutungwa hivyo kwa makusudi. Ni afadhali mno mtu apotee njia katika mchezo, ambako aliyeshutumiwa huinuka, hufuta vumbi, na kwenda kunywa chai na wenzake. Katika kijiji, aliyechomwa moto hainuki.

Kuna watakaosema kwamba kicheko hakiwezi kushinda imani iliyokaa vizazi vingi. Huenda ni kweli kwamba hakiwezi peke yake. Lakini nimefikiri juu ya yule mbwa wa Devon. Kilichompa nguvu hakikuwa meno yake, kwani Sir Charles hakuumwa hata kidogo. Aliuawa na alichokuwa amekwisha kukiamini kabla mbwa hajatokea. Hofu ile ilipandwa kwa masimulizi, jioni baada ya jioni. Na kilichopandwa kwa masimulizi chaweza kung'olewa kwa masimulizi, kama kayongo ing'olewavyo kwa mkono kabla ya kutoa maua.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya utunzaji wa vitabu vya hesabu katika vyama vya ushirika, ambamo pia hupotea vitu vingi, na wala si kwa uchawi.